Sanduku Linalokunywa Maji

Siku hizi kila nyumba inatunza picha na video zake yenyewe, na sanduku la kuzitunzia linapozwa kwa maji ya nyumba hiyohiyo. Letu liko jikoni, karibu na mtungi. Kila asubuhi nalinywesha kwanza, ndipo nabandika chai. Likikosa maji linajizima, na vyote vilivyomo vinafutika.

Humo mlikuwa na kicheko cha marehemu mume wangu, Mzee Chidosa, siku alipomfukuza kuku sebuleni. Mlikuwa pia na yale maua ya kutumiana kwenye simu kutakiana asubuhi njema, na kila sahani ya ugali aliyowahi kula mjukuu wangu Nyemo. Vyote vilikuwa na kiu moja.

Juzi bomba halikutoa. Ndoo ilibaki na maji kidogo chini, na kichanga cha Nyemo kilikuwa kinachemka kwa homa.

"Bibi, na babu je?" Nyemo akauliza, analia.

"Babu yako hana homa. Na huo ugali wako wa picha haumshibishi mtu. Lete beseni."

Tukamkanda mtoto kwa kitambaa chenye maji, taratibu, mpaka akapoa na kunyonya. Nyuma yetu sanduku likanguruma, likakwaruza, likanyamaza.

Nyemo akafuta machozi. "Basi mwonyeshe kitukuu wako, Bibi. Babu alikuwa anacheka vipi?"

Miaka yote ile nilikuwa nabonyeza tu na kusikiliza. Nikafungua mdomo nicheke kama yeye, ukabaki wazi.