Ndala za Mashineni

Rungu, jamani! Mtu kaja na testa na koleo, wewe unampa rungu!

Levina alitamani kulivunjia gotini. Jeshini ametoka, umeme kausotea chuoni miaka miwili, na leo kaitwa kijijini Mchombe kutengeneza mashine ya kukoboa mpunga inayopiga shoti. Lakini mzee mwenye mashine kusikia tu kwamba alikuwa mwanajeshi, basi!

"Umeme waachie wanaume, mwanangu. Wewe nilindie mpunga."

"Shikamoo nimeshakupa, baba. Sasa nipishe nifanye kazi."

Kina mama kwenye foleni wakaangua kicheko.

Mashine ilikuwa inaunguruma. Levina akagusisha testa kwenye bati lake. Kitaa chekundu kikawaka ndani ya mpini.

"Kwani hiyo ni habari?" mzee akasema. "Ndiyo maana nimeweka ndala pale. Ukizivaa, inatekenya tu."

Na kweli zilikuwepo! Pea moja ya bluu, visigino vimelika, ya kuvaliwa kwa zamu na kila anayemwaga mpunga. Mama aliyefuata alishaingiza mguu wa kulia. Ndala ya kushoto ilikuwa imekatika kamba, basi mguu wa kushoto kauacha peku, kwenye sakafu yenye maji.

Levina akashusha swichi kubwa, akachomoa fyuzi na kuitia mfukoni. Mashine ikanyamaza.

"Huko jeshini ndiko walikokufundisha kiburi?" mzee akafoka.

"Ya jeshini nitakuhadithia kesho, baba, nikishafunga waya wa ethi wa kupeleka shoti ardhini. Leo nina hasira, nitaiharibu hadithi."