Kumjulia Hali Mgonjwa

Wageni walipopiga hodi chini, Caroline alikuwa ameshajifunika shuka hadi kidevuni. Mumewe, Jefwa, alishuka kuwafungulia. Alikawia kwenye ngazi hadi wakapiga hodi mara ya pili.

Walikuwa wawili: Musyoka, msimamizi wa ghala la Shimanzi ambako Jefwa ni karani, na Ndinda wa ofisini, aliyebeba machungwa. Kumjulia hali mgonjwa ni ada, na nani atakataa wageni wa namna hiyo? Lakini Musyoka alikuwa na lake moyoni. Kwa miezi sasa Jefwa alikuwa akiomba ruhusa, leo mke hawezi kuinuka, kesho anampeleka hospitali, na malori hayamngojei mke wa mtu. Musyoka alitaka kumwona mgonjwa kwa macho yake. Asipomwona, Jefwa hana kazi. Jefwa alilijua hilo, na Caroline alilijua.

Chumba kilikuwa kimoja, dirisha lake likitazama barabara ya Ndia Kuu, pazia limeshushwa. Jefwa alimimina chai polepole, chupa akiishika kwa mikono miwili, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda bila kujimiminia yeye.

“Pole, shemeji,” alisema Musyoka. “Hasa ni ugonjwa gani?”

Caroline alimtazama mumewe kwanza.

“Daktari ameuita uchovu sugu. Si usingizi, maana unalala usiku kucha na ukiamka ni kama ulikuwa ukipakua magunia. Ukifua shati moja leo, kesho huinuki. Kuna siku hata chanuo ni zito. Na watu wakikutazama hawaoni kitu.”

Aliyasema hayo bila kulia, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia ya sokoni. Jefwa alitazama sakafu. Ndinda alijifuta macho, akampa Jefwa pole na yeye, kwamba kuuguza kumemkondesha hata mashati yanampwaya.

Musyoka aliweka kikombe chini. Alikuja na shaka, na shaka ilikuwa imemtoka.

“Nakuamini, shemeji. Mwanamke atadanganya ili apate nini? Ni wanaume ndio siwaamini. Mwaka jana Dzoro alinijia na maneno hayo hayo, amechoka, amechoka. Mwanamume mzima. Nilimwachisha kazi siku ile ile.”

Caroline aliuliza Dzoro yuko wapi siku hizi. Musyoka hakujua.

Kisha akatoa uamuzi wake. Kuanzia Jumatatu, Jefwa atafanya kazi asubuhi tu, adhuhuri arudi kumwangalia mkewe, na nafasi yake hakuna atakayeigusa. Akamsifu pia. Wanaume wangapi, alisema, wangekaa na mke wa kitandani bila kutafuta mwingine? Jefwa alishukuru. Alijua kwamba hapo alipaswa kufurahi, akaitafuta furaha ndani yake asiione. Hakukuwa na kitu humo, si furaha, si aibu.

Ndinda aliomba dua fupi, wote wakiwa wamesimama isipokuwa mgonjwa. Jefwa aliwasindikiza hadi mlangoni mwa chumba tu, akaomba radhi kwamba hatashuka nao. Musyoka alimwambia asijali, mahali pake ni hapo hapo kando ya mkewe. Walishuka wakizungumza kwa sauti ya chini, mlango wa barabarani ukafungwa.

Caroline aliitupa shuka, akaruka kutoka kitandani, akamdaka mumewe kabla hajafika sakafuni. Alimbeba, akamlaza pale alipokuwa yeye, akamvua viatu.

“Umesimama sana leo,” alimwambia. “Sasa lala hadi Jumatatu.”