Tenti ya Pili

Akina mama watatu waliingia uani kwa Odero na maziwa, sukari na unga, kabla watu wa televisheni hawajafika. Wa mbele, jirani yake Chepkemboi, alikuwa tayari ameshika leso machoni.

"Pole sana, Baba Joyline. Tumeona tenti, tukajua tu."

Odero aliwatazama. Vifungo vya shati lake vilikuwa vimekosana na matundu, naye hakuwa na habari.

"Ni ya TV, mama," alisema. "Wanakuja kunihoji. Mambo ya biashara."

Chepkemboi alishusha leso, akacheka kwa aibu. "Ai! Na vile Mama Joyline ako hospitali! Nilikuwa karibu kupiga nduru!"

Lawama si yao. Huku Kiamunyi, tenti nyeupe ikisimama uani siku ya Jumanne, hakuna anayeuliza bibi harusi ni nani. Odero mwenyewe ndiye aliyewazoesha hivyo. Yeye na mkewe Anyango walikodisha tenti na viti tangu Salgaa hadi Olenguruone, na kazi za katikati ya wiki zilikuwa za matanga, karibu zote.

"Basi turudi na sukari yetu," mmoja alisema.

"Acheni tu," Odero akajibu. "Pelekeni jikoni."

Waliangaliana, wakapeleka. Mtu anayekwenda kuonekana kwa TV hanyimwi sukari.

Mahojiano yenyewe yalikuwa wazo la Anyango. Kazi zilikuwa zimepungua tangu kampuni moja ya mjini ilete tenti za kisasa zenye taa na mapazia, na Anyango aliamini kwamba wakionekana kwa TV mara moja tu, wateja watarudi. Ndiye aliyemsumbua mtangazaji, Nyakio, kwa simu mpaka akakubali. Alipolazwa, hakuacha kuyaulizia. Jana jioni wodini alimshika mumewe mkono.

"Ukiahirisha hawatarudi. Watamhoji yule mwenye biashara ya maziwa wa Olenguruone. Hata kuwe nini, usiahirishe. Niapie."

Odero akaapa.

Sasa Weldon, msimamizi wa vijana wa kazi, alikuja akijikuna kichwa. "Boss, jana ulisema tenti moja. Hii ya pili ni ya nini?"

"Weka."

"Na unajua vile sisi husema. Mtu wa tenti hapigi tenti kwake kama hakuna shughuli. Ni mkosi."

"Weka, Weldon."

Weldon aliweka, akiwanong'oneza wenzake kwamba kamera imemchanganya mzee.

Ndani ya nyumba, binti yake Joyline alimfungua vifungo, akavifunga upya. Aliona damu kidevuni, pale baba yake alipojikata akinyoa, akaipangusa kwa kidole. Odero hakushtuka.

"Hausikii uchungu?"

"Imekata?"

Joyline alichukua rimoti ya TV, akamwekea mbele ya mdomo. "Haya. Bwana Odero, mlianzaje biashara hii?"

"Tulianza na viti ishirini vya plastiki. Mke wangu aliuza cherehani yake."

"Tabasamu, Baba. Unaongea ni kama unaandikisha stetmenti kwa polisi."

Alijaribu. Mdomo ulifunguka, macho yakabaki pale pale.

"Unaogopa sana," Joyline alisema kwa huruma.

"Labda."

Lakini Odero hakuwa anaogopa. Hakuwa anahisi chochote. Alikunywa chai iliyotoka jikoni ikifuka moshi, ikapita kooni kama maji ya mfereji. Aliona mikono yake ikivaa koti, na ilikuwa kama mikono ya mtu mwingine.

"Tukimaliza twende tumwone Mama, tumwambie vile imekuwa," Joyline alisema. "Ama nimpigie sasa?"

"Acha. Tumalize kwanza."

Nyakio alifika na mpiga picha wake, akautazama ule ua uliopangwa, akafurahi. Walimketisha Odero chini ya tenti kubwa. Taa ikawashwa. Na hapo, jambo la ajabu, mzee akazungumza vizuri. Alieleza jinsi nguzo husimikwa penye upepo, jinsi viti huoshwa matope ya Mau, jinsi babu yake alivyokuja Nakuru kujenga reli na yeye akaishia kujenga vivuli. Nyakio alicheka mahali pa kucheka.

"Na siri ya biashara hii ni nini?"

"Anyango," Odero alijibu, akitazama kamera moja kwa moja. "Hii yote ni Anyango."

"Tumesikia anaugua. Tunamwombea. Alikwambia nini kuhusu leo?"

"Aliniambia nisiahirishe."

"Mama mkali huyo!" Nyakio alisema, na watu wote uani wakacheka.

Gari la televisheni lilipotoka langoni, Weldon alikuwa ameshaanza kulegeza kamba.

"Boss, tuteremshe? Hii kubwa ina harusi Salgaa, Jumamosi."

"Mwambie mwenye harusi atafute ingine."

Weldon aliduwaa. Tangu aajiriwe, hakuwa amewahi kusikia Odero akimwangusha bibi harusi.

"Na mlete viti," Odero aliendelea. "Vyote vilivyo stoo. Vyote."

Joyline alitoka ndani mbio, ameshavaa viatu, mkoba begani. Uso ulimng'aa kwa furaha.

"Baba, umeweza! Twende basi, tumpate kabla saa za kuona wagonjwa ziishe."

Odero alivuta kiti kimoja, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka mbele ya binti yake.

"Keti, nyathina, mwanangu," alisema. "Wodi walinipigia alfajiri, ukiwa umelala. Mama yako ametuacha."