Mpokeaji wa Nyumba Yetu

Kila nyumba ina mpokeaji wake. Kwetu alikuwa wifi yangu, Mkasiwa. Baada ya chakula cha jioni alituzungukia na birika na beseni, akatunawisha mmoja mmoja, na bandiko la mpokeaji alilovaa kiganjani likavuta majonzi yetu yote ya siku hiyo, yakaingia kwake. Sisi tulilala vizuri. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, nasi tulimuuliza chai iko wapi.

Juzi tumemzika. Waliokuja matangani walikuta nyumba kavu. Mume wangu, ndugu yake wa tumbo moja, alikaa jamvini akiwauliza wageni kama chai imekolea sukari. Mimi nilijaribu kulia, japo kwa adabu tu, nikashindwa kukumbuka pa kuanzia.

Leo muuguzi wa mtaa ametuletea bandiko jipya kwenye kisahani.

"Poleni sana. Mmeshaamua ni nani?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikamtazama Tunu, binti yetu aliyemaliza shule mwaka huu. Akalichukua, akalibandika mwenyewe kiganjani.

Tulipomaliza kula, akaja na birika. Akasimama mbele yangu.

"Mama, shangazi alikuwa akinawishwa na nani?"

Machozi yakanilengalenga, ya kwanza baada ya miaka mingi. Nikanyoosha mikono upesi.

"Mimina, mwanangu," nikamwambia. "Maji yanapoa."