Upande Unaong'aa

Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu, na atakayeikuta na uongo jogoo mwekundu yupo bandani, aje amchukue. Bibi Kalista wa Kasokola alikuwa na kitu chekundu. Kila jioni alikitemea mate, akakisugua kwenye kitenge chake, upande mmoja tu, huku akinong'ona jina la mtu.

Mwaka ule wa mvua za Elnino mazizi yaligeuka matope, ndama wakawa wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Kisha akafa na mtoto wa jirani yake, Masunga. Watu wakakikumbuka kile kitu chekundu. Wakayakumbuka na macho ya bibi, mekundu kwa moshi wa jikoni. Wapo vikongwe wa vijiji vya jirani waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho tu, mikononi hawana kitu.

Ndiyo maana mjukuu wake Nyanzala, aliposhuka kwenye treni pale Mpanda, hakungoja hata chai. Habari zilikuwa zimemfikia kwenye kambi ya michezo Dar: Jumapili wazee wanakaa kumhukumu bibi yake kwa uchawi.

Jina lililonong'onwa lilikuwa lake yeye. Na kile kitu chekundu kilikuwa mpira wa kriketi, aliopewa Kampala baada ya mechi yake ya kwanza na timu ya taifa ya wasichana, alipowang'olea Waganda vijiti mpaka nahodha wao akaja kumpa mkono. Alimletea bibi, maana bibi ndiye aliyeuza mbuzi ili yeye asome. Akamweleza: upande mmoja uking'aa na wa pili ukiachwa mkavu, mpira unatii. Basi bibi akaifanya ndiyo kazi yake ya jioni, kuusugua na kumwombea mjukuu.

"Kuwaambia nimewaambia," bibi alimpokea hivyo mlangoni. "Wanasema tangu lini msichana wa kwetu akapandishwa ndege kwa sababu ya kurusha kitu."

Wazee walikuwa wamekaa uani kwa Masunga, sasa pamekauka, ndani ya boma la miiba. Nyanzala akaingia na bibi yake na ule mpira, akawaamkia kwa magoti, na suruali yake ya michezo hivyohivyo, akaomba jambo moja tu: wasihukumu kwa kusikia, waone. Akachomeka vijiti vitatu ardhini.

"Ndiyo mchezo wenyewe huo?" akauliza Mzee Thadei. "Mbona sisi tunawatupia ngedere mawe kila siku shambani, na ndege hatupandi."

Wakacheka. Nyanzala akacheka nao, moyo ukamtulia. Watu wanaocheka hawaui.

Akarudi nyuma, akakimbia, mkono ukapita juu umenyooka, akaachia. Hapa ndipo wasikilizaji hudai jogoo wao, lakini mpira ulikwenda nje kabisa ya vijiti, kisha ukapinda hewani kama ndama aliyeitwa na mama yake, ukang'oa kijiti cha kati.

Kicheko kilikatika. Thadei akachota vumbi, akalipukutisha taratibu aone upepo unatoka wapi. Vumbi lilianguka wima.

"Inatosha, mjukuu wangu," bibi alisema kwa sauti ndogo.

"Bado, bibi. Hawajaona vizuri."

Akautemea mate, akausugua pajani, upande uleule. Akarusha tena. Hata Kampala hakuwahi kurusha vile. Mpira ulipinda mpaka mzee mmoja aliyekaa pembeni akaanguka na kigoda chake, na kijiti kikaruka kikatua miguuni mwa Masunga.

Masunga alikiokota. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyezika juzi. Akauliza kwa upole ni nani aliyemfundisha.

Nyanzala aliona nafasi yenyewe ndiyo hii. Akamshika bibi yake mkono, akamsogeza mbele ya wazee wote, apewe heshima yake.

"Kurusha nimefundishwa shuleni, baba. Lakini huu mpira ameuandaa bibi. Bila yeye usingepinda. Ni kazi yetu sote wawili."

Thadei akainuka, akaenda kuvuta miiba kufunga lango la boma.

"Ahsante, mwanangu," alisema Masunga. "Sisi tulikuwa tunamtafuta mmoja."