Bomba Jipya, Hesabu za Zamani

Gari la mbio lilinguruma, likakohoa, likazima tena.

"Bomba la moshi ni jipya, mama, na turbo ni mpya," fundi alisema. "Lakini kompyuta ya gari bado inapima mafuta kwa bomba la zamani. Hesabu alizoweka marehemu mumeo zifutwe, niweke nyingine. Bonyeza hapa."

Concepta hakujielewa. Bomba lile alilinunua mwenyewe. Mbona mkono ulikuwa mzito?

Kitufe kwenye dashibodi kilikuwa na alama ya grisi ya kidole gumba cha mumewe. Aliweka chake juu. Alama ilibaki ikionekana pembeni.

"Nikiliacha hivi hivi?"

"Litakuzimikia njiani."

Aliitazama barabara ya Ramisi, ambako mumewe alikuwa akilijaribu gari kila Jumapili.

"Litakuwa limefika wapi?"