Shikamoo, Bi Mkubwa

Mpaka asubuhi ile Mwanakheri aliitwa mke wa Makame, basi. Alikuwa uani akitwanga mpunga, Makame akaingia na binti aliyemwoa jana, kambebea mchi mpya.

“Kinu kimoja kitawatosha,” alisema, akaenda zake.

Binti akapiga goti kando ya kinu. “Shikamoo, Bi Mkubwa.”

Bi Mkubwa! Miaka yote hiyo hakuna aliyemwita hivyo, maana Bi Mdogo hakuwepo. Na akiitikia tu, ndiyo keshamkaribisha.

Mwanakheri akazidi kutwanga. Binti, kama alivyofundwa kwao, akatia mkono kinuni kuugeuza mpunga.

“Shikamoo,” akarudia, macho chini.

Mchi wa Mwanakheri ulikuwa ungali juu, na marahaba haijatoka.